Tulivyowafikia Walutheri waliohamia mtaani kwetu

Baraza la wazee liliponikabidhi idara ya habari ya usharika, wengi walitarajia nianze kwa kuomba kamera. Usharika wetu ni wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, uko pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Morogoro ukishapita Mbezi. Huku viwanja vinauzwa kila kukicha, nyumba zinapanda, watu wanahamia kabla hata ya kupiga plasta. Sensa ya 2022 ililihesabia jiji hili watu zaidi ya milioni 5.3, na ukiishi kwetu unaona kwa macho wanakoelekea kujenga. Wamo Walutheri wengi waliobatizwa Moshi, Arusha, Iringa au Makete, ambao Jumapili walikuwa wanabaki nyumbani au wanapanda daladala kurudi kwenye sharika zao za zamani mjini. Baadhi hawakujua kama kanisa letu lipo. Wengine walilijua, ila hawakuwa na hakika kama wangepokelewa.

Hao wa pili ndio walionishughulisha zaidi. Aliyezoea ibada zetu anajua utaratibu: mzee wa zamu anasimama na karatasi ya matangazo, na tangazo la kwanza karibu kila Jumapili lilikuwa lilelile, la cheti cha uhamisho kutoka usharika mtu alikotoka. "Leo hatuna wageni waliotufikia na cheti. Kama kuna mgeni anayesali nasi kwa mara ya kwanza, tunaomba asimame tumkaribishe." Mama mmoja aliyetokea Makete alinisimulia kwamba aliposikia hivyo alijibana kwenye benchi la mwisho, akatoka kabla ya mnada wa sadaka. "Mwanangu, cheti sikuwa nacho. Nilijua nikisimama tu nitaulizwa." Nyumbani aliondoka kwa haraka kuja kumuuguza mwanawe, na cheti cha uhamisho hakikuwa hata kwenye mawazo yake.

Nilipeleka jambo hilo kwa mchungaji, naye akaliingiza kwenye kikao cha wazee. Tulibadili maneno. Siku hizi mzee anasema: "Mgeni wetu, karibu sana, uwe na cheti au usiwe nacho. Ibada ikiisha tunakusubiri pale chini ya mwembe, kuna chai." Hakuna anayesimamishwa. Chini ya mwembe wanakaa mzee mmoja na mama mmoja wa zamu, wana daftari, wanauliza jina, simu na mtaa anaoishi mgeni, basi. Habari za cheti mchungaji anazifuatilia mwenyewe baadaye, kwa kuwasiliana na usharika aliotoka. Daftari linafungiwa ofisini, na namba ya mtu haiingizwi kwenye grupu la WhatsApp mpaka mwenyewe akubali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na makanisa nayo yanakusanya majina na simu za watu kila wiki.

Kutoka kwenye daftari, jina linakwenda siku hiyohiyo kwa mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa ule, yaani kikundi cha majirani wanaosali pamoja majumbani. Hapo ndipo kazi ilipo. Mwenyekiti anapiga simu: "Bwana Yesu asifiwe, mama. Mimi ni jirani yako wa hapa karibu na kisima. Jumamosi asubuhi tunasali nyumba ya pili kutoka kwako, nikupitie twende wote?" Nimejaribu vipeperushi, nimejaribu matangazo ya kulipia mitandaoni, na sijaona kitu kinachoifikia simu hiyo. Mtu akishasali sebuleni kwa jirani, akajua watoto wa nani ni wa nani, Jumapili haji tena kama mgeni.

Lakini wa kupigiwa simu sharti kwanza afike. Kanisa letu halionekani kutoka barabara kuu, kwa hiyo tulihitaji bango. Kuna waliotaka lisimame palepale pembeni ya lami. Lakini hifadhi ya barabara ile iko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara, na watu wa Kimara mpaka Kiluvya hawajaisahau bomoabomoa ya 2017, nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi zilipovunjwa. Msharika mmoja mwenye duka kwenye njia panda alitupa nafasi ndani ya kiwanja chake. Bango lina jina la usharika, mshale, umbali na saa za ibada zote mbili. Nilikataa picha kubwa ya mchungaji, na nilikataa kuahidi miujiza. Huku kwetu kila nguzo ya umeme ina karatasi ya kuponya na kufungua, na mtu aliyechoka na ahadi anastahili kuambiwa ukweli: tunasali hapa, saa moja na saa tatu, karibu.

Tulirekebisha pia alama yetu kwenye Google Maps, iliyokuwa ng'ambo ya bonde, na tukawaomba vijana wa kijiwe cha bodaboda walijue kanisa kwa jina lake. Kwa mtu mgeni, bodaboda ndiye anayeulizwa kabla ya simu.

Tangazo lililozaa kuliko yote, hata hivyo, lilihusu kipaimara. Mzazi anaweza kukaa miaka bila kukanyaga kanisani, lakini mtoto akifikia umri wa mafundisho, anaanza kuulizia. Tuliandika tarehe za kuandikisha, umri unaotakiwa, siku za masomo na simu ya mwinjilisti, tukabandika kwenye maduka, saluni na mashine za kusaga, na mchungaji akarekodi ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja ambao washarika waliuweka kwenye stetasi zao. Sauti haili bando kama video, na bibi asiyesoma vizuri anaisikiliza. Wazazi walikuja kuandikisha watoto, wakapewa chai ileile ya mwembeni.

Ibada tunairusha mubashara YouTube, maana tuna wagonjwa majumbani na ndugu walio Muscat na Marekani wanaopenda kusikia kwaya ya nyumbani. Ni huduma nzuri nami naipenda. Ila watazamaji siwahesabu kama ukuaji, na kamera haielekezwi kwa anayelia wakati wa maombezi. Misibani hatuendi na kamera wala bango. Tunakwenda na vitabu vya nyimbo, tunabeba viti, tunaosha vyombo.

Sasa hivi tunajiandaa na uandikishaji wa Januari. Kuna mtaa mpya umefunguka nyuma ya machimbo ya mchanga, haujawa na jumuiya, na wazee wawili wameshajitolea kuuzungukia nyumba kwa nyumba kabla ya Krismasi.