Ile muvi ya mama na mwanasesere imenivuruga

Jamani upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba mnaujua, jana usiku bati linagonga utafikiri linang'oka, mtoto kalala saa nne baada ya kunitesa vya kutosha, nikasema ngoja niangalie muvi kwa simu. Nikaangukia The Lost Daughter, ya 2021, kaongoza Maggie Gyllenhaal na ndo ya kwanza kuongoza, kaitoa kwenye riwaya ya Elena Ferrante. Olivia Colman ni Leda, profesa yuko likizo Ugiriki peke yake, ufukweni anamwona mama kijana anavyohangaika na katoto kake, basi ya kwake yote yanamrudia. Halafu anaiba mwanasesere wa yule mtoto!! Mtu mzima kabisa. Hakuna mzimu wala damu ila nimekaza meno muda wote.

Sasa pale anaposema aliwahi kuwaacha wanae wadogo miaka mitatu, anaulizwa ulijisikiaje, anajibu kwamba ilikuwa raha, huku machozi yanamtoka. Nikapozi. Mama yangu kule Kondoa angesema huyo karogwa, mi nikashindwa hata kumlaumu maana juzi tu nilijifungia bafuni nikafungulia bomba nisisikie kilio (na maji yenyewe ya mgao), hata baba yake hajui.

Saa nane kaamka, nikambeba mgongoni nikazunguka nae sebuleni mpaka alfajiri. Muvi imebaki kipande cha mwisho, sijaimalizia.