Luchelele hadi Kirumba kwa kayaki

Ghuba ya Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, ina ratiba yake ya upepo, na mpiga kasia hana budi kuifuata. Usiku ardhi hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo mpaka asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likipanda, ardhi hupata joto, upepo unageuka na kuvuma kutoka ziwani, na mchana mawimbi huanza kutoa povu. Safari yetu kutoka Luchelele hadi Kirumba ilipangwa kwa kuangalia hilo kwanza: tuondoke saa kumi na moja na nusu alfajiri, tuwe tumefika kabla ya saa sita mchana. Uvuvi ungefanyika ndani ya muda huo. Samaki wasipokula, basi, siku nyingine ipo.

Tulikuwa wawili, mimi na binamu yangu, kila mtu na kayaki yake ya plastiki ya kukalia juu. Zina matundu yanayopenya kutoka juu hadi chini, na maji ya mawimbi yanatoka yenyewe. Ziwani naipenda aina hii kuliko ile ya kuingiza miguu ndani, kwa sababu ikipinduka haijai maji. Mtumbwi uliojaa maji utakuweka ukichota katikati ya mawimbi. Hii unaigeuza, unapanda, unaendelea.

Kupanda huko ndiko kunakotaka mazoezi, na jioni ya kuamkia safari tulitenga muda wa kupinduka kwa makusudi. Tulichagua sehemu ya wazi yenye mawe na maji yanayotembea, mbali na matete, kwa kuwa konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia penye majani. Kayaki ikishalala kifudifudi, unakaa ubavuni mwake, unapitisha mikono juu ya tumbo lake, unashika ukingo wa upande wa pili na kuuvuta kwako mpaka igeuke. Halafu usikimbilie kupanda. Acha miguu ielee nyuma yako juu ya maji kama unaogelea, piga mateke, vuta kifua kivuke ukingo, lala kwa tumbo ukikingama katikati. Ukishatulia, geuka ukae, mwisho ingiza miguu. Wengi hushindwa kwa sababu miguu yao inaning'inia chini ya kayaki, na kila wakijivuta wanairudisha juu yao.

Binamu alilifanya zoezi hilo vizuri akiwa hana mzigo. Nikamwambia arudie na mzigo wote: fimbo mbili za kuvulia, kisanduku cha ndoano, nanga, begi la barafu. Hapo mambo yakabadilika. Fimbo zilimziba upande mmoja, kisanduku kikaelea zake. Tuliendelea mpaka magharibi, tukifunga kila kitu kwa kamba fupi na kuhamisha fimbo nyuma ya kiti ili ubavu mmoja ubaki wazi wa kupandia. Nasisitiza hili kwa yeyote anayetaka kuvua kwa kayaki: zoezi la kupinduka bila vifaa ni nusu ya zoezi.

Jaketi la kuokolea ni suala ambalo mkazi wa Mwanza hapaswi kubembelezwa. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kabisa mji huu. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia kutia nanga Ukara, watu wanaiona kutoka nchi kavu. Hata hivyo kwenye mialo yetu, yaani fukwe za kushushia samaki, bado naona majaketi yamekaliwa kama mito. La kayaki linatakiwa liwe fupi kiunoni na wazi mabegani, mikono izunguke bila kukwaruzwa. Lijaribu hivi: funga mikanda yote, mwenzako akushike mabegani alivute juu. Likifika masikioni, limelegea.

Na vitu vya kuokoa maisha vikae mwilini, visikae kwenye kayaki. Filimbi, kisu kidogo, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, vyote viwe kwenye jaketi. Kayaki tupu husukumwa na upepo kwa kasi ambayo muogeleaji wa kawaida haifikii, na ikikuacha, ulichonacho ni kile ulichovaa. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji haisaidii kitu ikiwa simu imekwenda na kayaki.

Alfajiri mwaloni tulimkuta mzee akipanga nyavu. "Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnaelekea wapi na hivyo vidude?"

Tukamweleza. Akatazama ng'ambo, upande wa Sengerema, kwa muda mrefu. "Ni vuli hii. Mkiona wingu jeusi limeinama kule, tokeni majini. Msisubiri kusikia radi."

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa nilikuwa nimeusoma usiku, haukuwa na onyo. Lakini wingu la vuli juu ya ziwa hili hukua haraka, na maneno ya babu niliyachukua kama sehemu ya vifaa.

Tulitoka na taa kichwani. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa inarudi, taa zake bado zinawaka, nasi tukabana ukingoni kuwapisha. Kubana ukingoni kulikuwa na sababu nyingine pia: upepo wa asubuhi unatoka ardhini, na ukijiachia unakusogeza katikati ya ghuba bila wewe kuhisi, kwa kuwa maji karibu na nchi yanaonekana shwari. Tukafuata miamba kuelekea kaskazini. Kasia la pande mbili huendeshwa kwa kiuno. Mikono inabaki karibu imenyooka, kiwiliwili kinageuka, mguu wa upande unaovuta unasukuma kikanyagio. Anayevuta kwa mikono pekee hafiki mbali kabla mabega hayajaanza kulalamika.

Kulipopambazuka tukashusha chambo bandia, vya umbo la samaki mdogo, tukavikokota nyuma mwendo wa taratibu. Sangara hupenda kuvizia kwenye miamba, na asubuhi ndiyo saa yake. Mbele ya ndoano tulikuwa tumefunga kipande cha nailoni nene, kwa sababu meno yake madogo yanasugua mshipi kama msasa. Macho yalikuwa kwenye madumu na chupa zinazoelea, maana hizo ni alama za nyavu za watu. Ndoano za pembe tatu zikinasa wavu wa mtu umemharibia riziki, nawe umefungwa na wavu uliozama. Kila tulipoona dumu, mishipi ilirudi.

Sangara wa kwanza alikula kwa binamu. "Dada, amekamata!"

"Elekeza fimbo omo! Usiilete ubavuni!"

Hii ndiyo siri ya kupigana na samaki mkubwa ukiwa kwenye kayaki. Akivuta kuelekea omo, yaani mbele ya kayaki, anakukokota na kuchoka. Akivuta kutoka ubavuni, uzito wake na kuegemea kwako vinakwenda upande mmoja. Binamu alilegeza breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, akamwacha avute, akamrudisha. Samaki akaruka juu ya maji mara kadhaa akitikisa kichwa. Hakufika sentimita 50, na sheria inakataza kumchukua aliye chini ya hapo, basi tukamtoa ndoano kwa koleo akiwa bado majini, tukiviepuka vile vifuniko vya mashavu vinavyokata vidole. Wa pili alikuwa wangu, wa kutosha familia, akaingia kwenye begi la barafu. Samaki hatumfungi kamba akaburuzwa majini. Ziwa hili lina mamba. Kwa sababu hiyohiyo, na kwa sababu ya viboko, vichaka vya matete tulivizunguka kwa mbali.

Tulipokaribia Saanane tukakunja mishipi yote. Kisiwa hicho kimepewa jina la mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi hapo kabla serikali haijakifanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, pamoja na maji yanayokizunguka. Kupita karibu na kisiwa kisichovuliwa, katika ziwa linalovuliwa usiku na mchana, kulinifurahisha sana.

Baada ya Capri Point tulisubiri kivuko cha Kamanga kipite, tukavuka nyuma yake. Usivuke mbele ya kivuko hata kikionekana kiko mbali: nahodha hawezi kusimama ghafla, na kayaki iko chini sana machoni pake. Mawimbi yake tuliyapokea kwa omo, kiuno kimelegezwa, kasia likigusa maji muda wote.

Karibu na Jiwe la Bismarck upepo ukageuka, mapema kuliko kawaida. Binamu alikuwa ameona samaki wakirukaruka. "Dada, tutupe nanga hapa kidogo."

"Hapana, mdogo wangu. Upepo wa ziwani umeanza."

Nanga kwenye mawimbi ni jambo la hatari. Ikifungwa ubavuni, wimbi linainua upande mmoja huku kamba ikishikilia mwingine, na kayaki inalala. Hufungwa omo au tezi, yaani mbele au nyuma, tena kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Na siku hiyo hata hivyo isingefaa, kwa kuwa kila dakika tungeilipa kwa mawimbi makubwa zaidi mbele. Hakubishana. Tulipiga kasia kwa utaratibu, mmoja akimwona mwenzake, hadi Kirumba.

Mwaloni palikuwa pamejaa dagaa, wachuuzi na mikokoteni. Tulipakia kayaki kwenye kirikuu zikiwa kifudifudi, tukazifunga kwa kamba ya manila mbele na nyuma, tukafungua vizibo ili maji yaliyoingia ndani yatoke njiani. Dereva akauliza kama tungependa kurudi kwa maji, yeye atubebee mizigo tu. Binamu akanitazama. Nikamwonyesha ziwa, lilivyokuwa limeshabadilika rangi upande wa Sengerema, akapanda nyuma ya gari akashikilia makasia.