Kuijenga Garratt ya daraja la 59 kwa bomba la maji na chubwi

Katika uwanja wa Makumbusho ya Reli jijini Nairobi zimesimama injini mbili za mvuke za aina ya Garratt, daraja la 59, zenye rangi ya damu ya mzee, moja ikiwa na namba 5918 na jina la Mount Gelai, na nyingine namba 5930 na jina la Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania: Gelai karibu na Ziwa Natron na Shengena katika safu ya Upare. Injini za daraja la 59 zilikuwa 34, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki kwa kuwa reli yenyewe ilikuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Ziliundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, na hakuna injini ya mvuke iliyowahi kuzizidi ukubwa kwenye njia yenye upana wa mita moja, popote duniani.

Baba yangu alikuwa faiamani, yaani mtunza moto wa boila, katika injini hizo. Mimi nilikulia Voi baada ya injini hizo kuondolewa kazini, nikazijua kwa simulizi zake za jioni na kwa ziara chache za makumbusho. Miaka mitatu iliyopita niliamua kuijenga moja kwa mikono yangu, iwe ndogo kiasi cha kukaa mezani, lakini iwe sahihi kiasi kwamba baba akiiona aitambue bila kuambiwa.

Wazo la Garratt ni rahisi kulieleza, lakini sikulielewa barabara mpaka nilipolishika mkononi. Herbert William Garratt, mhandisi Mwingereza, aliomba hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1907, na injini ya kwanza ya aina hiyo ilitengenezwa mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania. Injini ya kawaida ya mvuke hubeba boila juu ya magurudumu yake, hivyo unene wa boila na kina cha tanuri hubanwa na magurudumu yaliyo chini yake. Garratt huyaweka magurudumu yote katika vigari viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, kila kimoja kikiwa na silinda zake na tangi lake mgongoni, kisha boila na chumba cha dereva hulazwa katikati juu ya fremu iliyoegemea vigari hivyo kwa ncha zake mbili. Chini ya boila hamna gurudumu hata moja. Ndiyo maana boila ya daraja la 59 iliweza kuwa na kipenyo cha takriban mita 2.29, zaidi ya mara mbili ya upana wa njia iliyokanyaga, na uzito wa tani zipatazo 250 ukagawanywa kwenye ekseli 14, nane kati yake zikiwa za kuvuta. Baba huyasema hayo yote kwa sentensi moja: "Boila ni mgonjwa kwenye machela, mwanangu, na wachukuzi wake ni wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma."

Nilichagua uwiano wa 1 kwa 87. Uwiano huo ni wa kawaida sana miongoni mwa wajenzi wa treni ndogo duniani, na kwa njia yetu ya mita moja una faida ya pekee, kwa maana mita moja ikigawanywa kwa 87 hutoa milimita 11.5, na reli zenye upana wa milimita 12 zinapatikana madukani ng'ambo kwa sababu Uswisi nayo ina treni za milimani zinazopita kwenye njia ya mita moja. Nusu milimita iliyozidi haionekani kwa macho. Injini yenye urefu wa karibu mita 31.7 hushuka ikawa sentimita 36.4, na gurudumu la kuvuta lenye kipenyo cha milimita 1,372 hushuka hadi milimita 15.8, kwa hiyo nikatafuta magurudumu ya milimita 16. Wapo wanaonunua injini iliyokwisha kuundwa, ya reli ya nchi nyingine, wakaipaka rangi ya kwetu. Siwalaumu, ila injini ya namna hiyo hubaki ya mgeni aliyevaa kanzu ya kuazima, nami nilitaka ya kwetu.

Boila ndiyo iliyonipa moyo, maana niliipata katika duka la vifaa vya mabomba. Kipenyo nilichohitaji kilikuwa milimita 26.3. Bomba la maji la plastiki, lile la PPR, lina kipenyo cha nje cha milimita 25 kamili, na karatasi ngumu ya kadi yenye unene wa milimita 0.6, ukiizungusha mara moja, inaongeza 1.2, jumla 26.2. Nilikata kipande cha bomba kwa msumeno wa chuma, nikakisugua kwa msasa hadi gundi iweze kushika, nikakizungushia kadi na kuyaficha maungio kwa chini. Mikanda inayofunga boila niliiga kwa vipande vyembamba vya utepe wa bati. Kwa shilingi chache nilikuwa na kitu ambacho, nilipokiweka juu ya reli za milimita 12, kilinionyesha kwa mara ya kwanza jinsi daraja la 59 lilivyokuwa nene kupita kiasi kwa njia yake. Picha haikuwahi kunionyesha hivyo.

Magurudumu yalinichukua miezi mitano. Katika injini ya mvuke pini za magurudumu, zile zinazoshika fito za kuyazungusha, upande wa kulia hutangulia za kushoto kwa robo ya mzunguko, nayo ni kwa sababu nzuri: pistoni ikifika mwisho wa silinda haiwezi kulisukuma gurudumu, na kama pande zote mbili zingefika mwisho kwa pamoja, injini ikisimama hapo isingeweza kuondoka. Robo hiyo huhakikisha kwamba upande mmoja unapokosa nguvu, mwingine uko kwenye kilele cha nguvu zake. Modeli inayoendeshwa kwa mota ya umeme haina pistoni inayofanya kazi, hivyo mtu angeweza kudhani kwamba robo hiyo ni pambo tu. Kumbe sivyo. Fito zinaunganisha ekseli nne kwa pande zote mbili, na kama ekseli moja ina pembe tofauti na wenzake, fito hukaza katika kila mzunguko na injini huchechemea.

Mara ya kwanza nilibana magurudumu kwenye ekseli kwa kukisia kwa jicho. Ilichechemea. Nikatanua matundu ya fito kwa tupa ya sonara, jambo ambalo sasa nalijua kuwa ni kosa, kwa sababu fito zililegea na uchechemeaji ukabaki. Ndipo nilipotengeneza kaliba: kipande cha mti wa mvule chenye mfuo wa kulaza ekseli, na vipini viwili vya chuma, kimoja cha kushika pini ya kulia na kingine ya kushoto. Ekseli zote nane zilipita kwenye kaliba hiyo moja. Sina hakika kama pembe yake ni nyuzi 90 kamili, wala haihitaji kuwa hivyo. Kinachohitajika ni pembe moja kwa ekseli zote. Niliweka kigari cha mbele juu ya kioo, nikakisukuma kwa kidole kimoja, kikateleza hadi ukingoni bila kusita hata mara moja. Nilimwita mke wangu jikoni aje aone, nikakisukuma tena.

Kila kigari kina mota yake ndogo ya volti 12. Hapo pana mtego, kwani mota mbili za aina moja, kutoka mfuko mmoja, hazina mwendo sawa. Nilipima kila kigari peke yake kwenye mita moja ya njia iliyonyooka kwa nguvu ileile ya umeme: kimoja kilitumia sekunde 11 na kingine 13. Vikiunganishwa, chenye kasi humburuta mwenzake na magurudumu husaga reli. Niliagiza mota nne zaidi, nikazipima zote, nikachagua mbili zilizopishana kwa chini ya nusu sekunde. Tofauti hiyo ndogo naiacha kwa kupenda, kwa sababu katika Garratt halisi vigari viwili havikuunganishwa kwa fito yoyote; vilishirikiana mvuke tu. Baba anaeleza kwamba ukiwa juu ya injini ulisikia mipumuo ya mbele na ya nyuma ikipiga pamoja, kisha ikaachana taratibu, kisha ikakutana tena, na kwamba faiamani mzoefu alijua kwa sikio kigari kipi kimeteleza.

Injini nyepesi haivuti. Ndani ya tangi la mbele, ambalo katika injini halisi lilijaa maji, na ndani ya tangi la nyuma, lenye mafuta mazito ya kuwashia, niliweka chubwi, yaani vizito vya mishipi ya wavuvi, nilizonunua Mombasa, nikazigonga kwa nyundo zikawa bapa na kuzipanga hadi kila kigari kikawa na uzito sawa kwenye mizani. Injini halisi za daraja la 59 ziliburuta treni za tani 1,200 kwenye mwinuko wa asilimia 1.5, kwenye njia inayotoka usawa wa bahari pale Mombasa na kupanda zaidi ya mita 1,600 kufika Nairobi. Yangu huvuta mabehewa 14 ya mizigo kwenye mwinuko wa asilimia 2, yaani sentimita mbili kwa kila mita, nami naona hiyo ni heshima ya kutosha.

Meza yangu ya reli ina urefu wa mita nne na upana wa mita moja na nusu kasoro kidogo, na inaonyesha stesheni ya Voi, pale njia ya Taveta na Moshi inapochepuka. Plaiwudi ya kwanza niliyouziwa haikuwa kavu. Masika ilipofika ilibetuka, na treni ikawa inaacha njia mahali palepale kila mara, nami nikilaumu magurudumu kwa wiki nzima. Hatimaye nililaza rula ya chuma juu ya reli, nikainama nikatazama mwanga: palikuwa na bonde la milimita tatu katikati ya maungio mawili. Niling'oa njia yote. Plaiwudi ya pili niliiegemeza ukutani ndani ya nyumba kwa miezi miwili kabla ya kuigusa, nikaipaka vanishi pande zote mbili pamoja na kingo, na chini yake nikaweka mbavu za mbao kila baada ya sentimita 40.

Kona nazo zilinifundisha maana ya machela. Wachukuzi wawili wanapopinda kona, mgonjwa aliye katikati hukata kona hiyo kwa ndani. Katika modeli yangu kutoka egemeo la mbele hadi la nyuma ni sentimita 15, na kona ina nusu kipenyo cha sentimita 60. Ukipiga hesabu, katikati ya boila huingia ndani ya kona kwa karibu milimita tano. Nilikuwa nimesimamisha nguzo ya ishara upande wa ndani bila kupiga hesabu hiyo, na Garratt iliiangusha katika safari yake ya kwanza.

Udongo ni wa Voi wenyewe. Nilichota ndoo moja ya ule udongo mwekundu, nikauanika, nikauchekecha kwa chekecheo la unga kisha kwa kitambaa cha soksi. Kabla ya kuumwaga mezani nilipitisha sumaku juu yake mara nyingi, na kila mara sumaku ilirudi na ndevu nyeusi, kwa sababu udongo ule una chembe za chuma, na chembe hizo zikifika kwenye mota huganda kwenye sumaku zake na kuiua. Anayetumia udongo halisi bila kupitisha sumaku anajitafutia hasara. Nyasi za kiangazi ni nyuzi za mkonge zilizokatwa kwa mkasi, urefu wa milimita nne au tano, kwa kuwa rangi ya mkonge haihitaji kuongezwa kitu. Kokoto za njia ni mchanga mweusi uliochujwa, ukashikwa kwa gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji na tone la sabuni, kwani bila sabuni maji hukusanyika juu ya mchanga kama matone badala ya kupenya.

Mwezi uliopita baba alikuja kutoka nyumbani. Nilikuwa sijamwambia lolote. Aliingia chumbani, akasimama, akavua kofia, akaizunguka meza nzima polepole kabla ya kusema neno. Kisha akataja namba ambayo sikuwa nimeiandika bado ubavuni. Ilikuwa namba ya injini aliyoianzia kazi.

Nilimpa kidhibiti. Alizungusha kitufe na treni ikaondoka kwa kasi niliyoizoea, akaisimamisha palepale. "Mwendo huu si wake," alisema. "Pale Voi tukiwa na mzigo kamili, gurudumu lilichukua muda kuamua." Akaanza upya, kidogo kidogo mno, hata nikadhani umeme haujafika, ndipo behewa la kwanza likavutwa, la pili, la tatu, kila kiungo kikikaza kwa zamu hadi la mwisho, na treni nzima ikatoka stesheni taratibu kuelekea kwenye mwinuko. Aliiendesha hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Kabla ya kutoka aliinama karibu na tangi la nyuma, akapapasa juu yake kwa ncha ya kidole, akauliza mfuniko wa kujazia mafuta uko wapi. Nilikuwa nimeusahau. Bati lake nimeshalikata, upana wa milimita saba, na Jumamosi nitaulehemu.