Mtambo wa upepo Lamu: anza na mlingoti

Kusi likivuma, umeme huonekana uko bwerere. Ila nguvu ya upepo haiendi sawa na kasi: mita 6 kwa sekunde hutoa mara 8 ya mita 3. Ndiyo maana kuufunga mtambo juu ya paa, katikati ya minazi, ni kutupa pesa. Hapo upepo hujizungusha tu, na mtikisiko hupasua ukuta. Simamisha bomba la chuma, ncha yake ipite kwa mita 9 chochote kilicho karibu, lishikwe na waya nne, na liwe la kulazwa chini. Utalilaza mara nyingi: chumvi hula bolti na viungio, hata vya chuma cha pua, kwa hiyo grisi isikosekane.

Usichomoe betri mapanga ya mtambo yakizunguka. Mtambo ukikosa mzigo, yaani kitu cha kupokea umeme wake, huenda mbio, volti hupanda, kidhibiti cha chaji huungua. Ngoja upepo utulie, unganisha pamoja nyaya tatu za jenereta, mapanga yatazubaa, ndipo uchomoe. Upepo ukiwa mkali, njia hiyohiyo huweza kuunguza koili za jenereta.

Maleleji, yaani majira ya upepo kubadilika, yakiingia, mapanga husimama. Paneli ya sola ni lazima.