Alfa ya sifongo, na alfa yangu

Jana usiku nilifumba macho, wimbi la alfa, yaani lile wimbi la umeme wa ubongo linalopanda mtu akifumba macho, likanyanyuka kwenye grafu. Nikafumbua, likalala. Nilirudia mara kumi na mbili. Alfa hii ni ya kichwa changu kweli.

Nasema kweli kwa sababu wiki tatu nzima nilikuwa na alfa ya bandia. Elektrodi moja (kipande cha kunasia umeme juu ya ngozi) kisogoni, juu kidogo ya kile kinundu cha fuvu, jirani na gamba la ubongo linaloshughulikia kuona; nyingine kwenye ndewe ya sikio. Grafu ikatoa kilele safi kwenye Hz 10, yaani mara 10 kwa sekunde. Furaha ikanizidi, nikajifanya sioni kasoro yake: nikifumbua macho, kilele hakipungui. Mara nisingizie giza, mara usingizi. Mwisho nikazibandua elektrodi nikazibandika kwenye sifongo iliyolowa maji ya chumvi. Sifongo nayo ina alfa! Tena nzuri kuliko yangu.

Kumbe kosa ni mstari mmoja wa programu, niliouacha tangu majaribio ya skrini: vipimo 60 kwa sekunde. Umeme wa ukutani unavuma kwa Hz 50. Ukiupima mara 60 tu kwa sekunde, vipimo havitoshi kuufuata, basi unajikunja na kujitokeza kwenye 60 kutoa 50, yaani 10. Alfa inakaa kati ya 8 na 13. Ungejikunja ukaangukia penginepo ningeshtuka siku ile ile.

Nikapandisha hadi 250. Mvumo wa umeme ukarudi kwao kwenye 50, mkubwa hata ukazamisha kila kitu. Alfa yenyewe ni makumi tu ya mikrovolti (sehemu za milioni za volti). Kichujio cha programu hakikufua dafu, maana amplifaya, kile kikuza umeme, ilikuwa inajaa kabla data haijafika huko. Wanaoabudu vichujio wanisamehe: dawa ilikuwa kusokota nyaya pamoja, kuchomoa chaja ya kompyuta (nilipaswa kuichomoa tangu mwanzo, kilichochomekwa ukutani hakiunganishwi na kichwa cha mtu), kutenganisha nywele na kusugua ngozi kwa spiriti. Na jeli nzito. Elektrodi kavu zenye meno nimezirudisha kabatini.

Sasa namwelewa Hans Berger, daktari wa Ujerumani. Alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, akakaa na siri yake hadi 1929 ndipo akachapisha, na bado wengi walimtilia shaka mpaka wanasayansi wa Uingereza Adrian na Matthews walipoyaona mawimbi yale yale mwaka 1934. Na hakuwa hata na sifongo ya kujipima nayo, nadhani.

Mpango ulikuwa kuhamia juu ya eneo la ubongo linaloendesha mkono, upande wa kushoto. Basi tena. Nimeshaunga kitaa kinachomweka mara 15 kwa sekunde, nione kama kisogo kitaitikia kwa Hz 15. (Mwenye kifafa asijaribu.) Hofu yangu ni waya wa kitaa kuvujisha 15 hiyo moja kwa moja kwenye elektrodi. Sifongo nimeshailoweka.