Manesi waliotufundisha kumlisha mama baada ya opareshen ya kansa ya koo

Mtu akifanyiwa opareshen ya kansa kila anayekuja kumuona anauliza dawa gani kapewa, mionzi anaanza lini, dokta kasemaje. Chakula hakuna anayeuliza. Mimi nimemuuguza mama, kansa ya koo la chakula, hii inayotumaliza sana huku Afrika Mashariki, na nawaambia kabisa bila manesi wa ile wodi kukomaa na lishe yake sijui kama angesimama.

Maana wanakata kipande cha koo halafu wanavuta mfuko wa chakula juu mpaka kifuani waunganishe, na pale palipoungwa lazima papone kwanza, kwa hiyo mama akawekewa mpira wa kulishia tumboni, unaingia moja kwa moja kwenye utumbo mdogo. Nesi akatufundisha mmoja mmoja, kichwa kiinuliwe, pitisha maji safi ya uvuguvugu kabla na baada ya kulisha mpira usizibe, uji uchujwe, na usisukume kwa haraka maana tumbo litamsokota na kuharisha juu. Hakuishia kuelekeza, alisimama pale mpaka akaona tunaweza wenyewe, hata dada yangu ambaye mwanzo alikuwa hawezi kuuangalia ule mpira.

Alipoanza kula kwa mdomo ikawa kidogo kidogo, mara 6 mpaka 8 kwa siku, anakaa wima, halali akishakula, na maji anakunywa pembeni sio pamoja na chakula. Shangazi zetu walitaka aletewe uji mtamu apate nguvu, nesi akawaeleza kwa heshima zote kwamba sukari nyingi ikishuka utumboni kwa kasi mgonjwa anatoka jasho, moyo unaenda mbio, kizunguzungu. Anachohitaji zaidi ni protini, gramu 1.2 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya mwili, yaani mtu wa kilo 50 atafute gramu 60 mpaka 75 kwa siku, na yai moja lina kama 6 tu jamani! Uji wa mahindi mtupu haufiki huko, ndo tukaanza dagaa wa kusaga, maziwa, karanga, maharage ya kuponda.

Kama una mgonjwa anaruhusiwa wiki hii, mwombe nesi ampime uzito uandike, nyumbani endelea kumpima, ukiona kilo zinashuka mrudishe, usisubiri tarehe ya kliniki.