Ghala, alisema Shangazi

"Kanisa lisilo na watu ni ghala tu, mwanangu." Shangazi aliyasema hayo kwenye simu Jumapili, hata kabla ya kuuliza kama tumekula, nami nikajibu "Ndiyo, Shangazi," maana Shangazi wa Muheza habishiwi. Wiki imekwisha, Neema amefaulu mtihani wa udereva, zamu zangu zimehamishiwa usiku, na hilo ghala bado linanigonga kichwani.

Kinachouma ni kwamba kanisa nililomtumia picha liliwahi kuwa ghala kweli. Ni St Peter-on-the-Wall, Bradwell, huko Essex. Lilijengwa na Mtakatifu Cedd, aliyekufa kwa tauni mwaka 664, palipokuwa na ngome ya Warumi, kwa mawe na matofali yao yaleyale. Baadaye likawa ghala la shamba hadi lilipowekwa wakfu upya mwaka 1920. Ukiingia, kagua kuta mbili ndefu: utaona mawe yamebadilika kwa umbo la mlango mpana. Hapo ndipo mikokoteni ilipopitia, pakazibwa baadaye. Upande wa mashariki kuna alama za tao lililozibwa; sehemu ya altare iliyokuwa nyuma yake haipo tena.

Ghala tu! Lakini mkulima haachi paa livuje juu ya mavuno yake. Nadhani ndiyo maana kuta zipo hadi leo. Ningemwambia hivyo, na yeye angesema, "Haya, ghala lililoezekwa vizuri."

Nimecheka peke yangu jikoni. Kwa kweli kinachoua makanisa haya ya kale ni maji. Huanza na mfereji wa paa ulioziba kwa majani na viota, au mabamba ya madini ya risasi yanayofunika paa, yakaibwa usiku. Kisha fundi akaziba nyufa kwa saruji badala ya chokaa. Chokaa huuachia unyevu utoke; saruji huufungia ndani ya jiwe, na baridi ikija maji yanaganda, uso wa jiwe unabanduka. Ukiona mistari ya kijivu imetokeza na mawe yameliwa kati yake, umeshajua.

Friends of Friendless Churches, shirika lililoanzishwa 1957, wanayachukua makanisa yaliyoachwa, England na Wales. Shirika jingine, Churches Conservation Trust, lina zaidi ya 350, England tu.

Wales, nenda kanisa la Partrishow. Barabara ni nyembamba, mkikutana na trekta mmoja arudi nyuma. Ndani kuna kiunzi cha mbao ya mwaloni (oak) kinachotenga sehemu ya altare, kilichochongwa mnamo 1500, na ukuta wa magharibi amechorwa Kifo, mifupa mitupu, na saa yake ya mchanga. Ukitafuta michoro iliyokwaruzwa kwenye mawe ya makanisa haya, usimulike tochi usoni pa jiwe; ilaze karibu na ukuta, mwanga upite kando, mikwaruzo itajitokeza kwa vivuli vyake.

Mlango ukigoma, zungusha pete ya chuma kisha sukuma kwa bega; mwaloni huvimba kwa mvua. Na ule mlango wa wavu wa nje ufunge, ukiingia na ukitoka. Mbayuwayu akinaswa ndani atakufa kwa kiu.